Familia kwa Koko, Kadutu

[18:12] Tantini Furaha: Jioni njema wote. Watoto 7 wanafika kwa Koko siku ya posho (Jumamosi), wa miaka 10 mpaka 17. Chakula cha vakansi tupange leo. Tukiacha hivi watajaza tumbo na bugali ya muhogo, ambayo haina proteini ya maana. Na huu ndio umri mifupa inarefuka.

[18:15] Tantini Furaha: Kalsiamu miligramu 1300 kwa siku, wote. Chuma: msichana wa 14–18 miligramu 15, mvulana 11.

[18:51] Tantini Furaha: Munasoma, naona. Mujibu!

[19:05] Yaya Bahati: Huyu wangu wa 15 atakula mpaka kifuniko cha sufuria 😂

[19:06] Neema: 😂😂 Mufiche na mwiko

[19:08] Tantini Furaha: Tuache kucheka. Sambaza (samaki wadogo wa ziwa) kavu gramu 15 kwa mtoto kwa siku, mwezi mzima ni kilo 3 na kidogo. Zipikwe nzima. Mukitoa kichwa na mifupa, kalsiamu munaitupa. Maharagi gramu 80, jumla kilo 17. Yalale ndani ya maji usiku, maji yale yamwagwe, yapikwe na mapya, ndipo mwili unapata chuma vizuri. Pembeni chungwa au pera. Chai ISUBIRI saa moja, inazuia chuma.

[19:10] Tantini Furaha: Sombe (majani ya muhogo) itwangwe vizuri, ichemke bila kifuniko. Ya haraka inabaki na sumu.

[19:31] Neema: Maharagi tulilipia na mwaka jana. Lile gunia liko wapi?

[19:32] Yaya Bahati: Neema, usianze.

[19:34] Neema: Na wasichana walipakua mwisho, wakabaki na mchuzi.

[19:37] Tantini Furaha: Hapo Neema ana haki. Msichana akishaanza kwenda mwezini, chuma kinatoka na damu. Ndiye anahitaji zaidi, ndiye anapewa ya mwisho. Mumwangalie: ndani ya kope kumepauka, anachoka kwenye ngazi, anatafuta udongo wa kula. Huyo aende kituo cha afya apimwe damu.

[20:20] Aline: Koko ametuma sauti, naandika: «Kwangu, wasichana watapakuliwa mbele ya sahani yangu. Gunia lilipikwa ku matanga, ni mimi nilisema. Musilitaje tena.»

[20:44] Neema: Tumesikia, Koko. Unisamehe.

[20:46] Yaya Bahati: Sambaza natoa kilo 2.

[20:47] Tantini Furaha: Ni 3! Maharagi nani? Na mafuta ya mawese, yale mekundu, tusiyachome mpaka yawe meupe, vitamini A inaungua.

[21:15] Neema: Maharagi kilo 10 niko nayo. Saba zinabaki.

[22:47] Papa Mugisho: Ndio natoka kazini. Siku ya posho ipi, hii ama ile ingine?