Nimelipa laki nzima kusaini deed poll ambayo hata aliyeiandika haielewi

Wakuu nina hasira acha tu. Jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye kitambulisho yamepishana herufi mbili, benki wamegoma mpaka nilete deed poll, ile hati ya kisheria mtu anayosaini mwenyewe kutamka jina lake rasmi. Nikaenda kwa wakili mmoja hapa mjini, karani wake akafungua kompyuta akafuta jina la mteja aliyepita akabandika langu akaprinti, laki hiyo imeenda. Nasoma mstari wa kwanza: KNOW ALL MEN BY THESE PRESENTS. Nikamuuliza yule karani, mdogo wangu, presents si zawadi? Na mbona wanaume tu ndo wajue? Akacheka, "saini tu hapo dada, ndo zinavyoandikwaga." Wakili naye ananiambia hiyo ni lugha ya kisheria. Najua ni ya kisheria, nakuuliza maana yake!!

Usiku nimechoma bando kutafuta. Kumbe hizo presents ni Kilatini kilichopitia Kifaransa, maana yake maandishi haya, na men hapo ni watu wote. Yaani "watu wote wajue kwa hati hii", basi, mtoto wa darasa la tatu anaelewa.

Na poll nilidhani mambo ya kura, wapi, ni kunyoa! Zamani kule Uingereza mkataba wa watu wawili uliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja halafu wanaikata zigizaga kama meno ya msumeno, kila mtu na kipande chake, siku ya ugomvi wanaviunganisha, visipokaa sawa kuna mtu kaforji, ndo ikaitwa indenture, yaani yenye meno. Hati ya mtu mmoja haina wa kuunganisha naye so kingo zikanyolewa zikawa sawa. Hapo hasira ilipungua kidogo kwa kweli, stori tamu. Ila mimi nimepewa A4 ya steshenari, imenyolewa tangu kiwandani.

Waingereza wenyewe 1999 walitupa neno plaintiff (mdai) kwenye kesi za madai wakaweka claimant ili watu waelewe. Sisi Tanzania 2021 tumebadili sheria Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, halafu karani bado anakopi na kupesti zawadi za wanaume.

Mawakili mliomo humu, nikidai deed poll ya Kiswahili msajili wa hati ataipokea? Maana nimeirudia sasa hivi taratibu na dikshenari, aya ya tatu bado ina jina la yule mteja aliyepita. Na nimeshasaini.