Naomba ushauri: Baba hasemi maumivu yake

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Kisauni, namuuguza baba. Ana saratani ya kongosho, imeshafika kwenye ini. Kila daktari akimuuliza, "Mzee, waonaje hali?" jawabu ni lile lile: "Alhamdulillahi, sijambo." Usiku huo huo namkuta ameketi kitandani kainama mbele, maana akilala chali maumivu yampenya hadi mgongoni. Biriani ya Ijumaa, ambayo zamani hakuikosa, sasa hata harufu yake haitaki.

Nimesoma kwamba kuna hojaji za EORTC, shirika la Ulaya la utafiti na tiba ya saratani: maswali 30 ya saratani zote, na 26 ya kongosho, yanayouliza wiki iliyopita ilikuwaje: tumbo kujaa, ladha, choo, mpaka hofu ya siku za mbele. Hayo ya choo nitamuulizaje baba yangu mzazi? Labda ami yangu ndiye amuulize.

Mliowahi kuuguza, mliwezaje? Nimeanza kuandika daftarini ninayoyaona usiku. Nimpe daktari Jumatatu bila baba kujua? Naona vibaya kumzunguka, lakini dawa ya maumivu yapimwa kwa anavyosema mwenyewe, naye hasemi.