Asasi moja, domeini tatu: tuziache zote, tuziunganishe au mbili zife?

Asali_Sikonge (mwanzisha mada)
Wakuu, mwangaluka. Niko Tabora mjini, asasi yetu inafanya kazi na vikundi vya wafuga nyuki. Tumejikuta na domeini tatu bila kupanga. Ya .or.tz ni ya tangu mwanzo, imo kwenye muhuri, kwenye bango na kwenye kila barua tuliyoipeleka halmashauri. Ya .org ilikuja na mradi mmoja, na wafadhili wa nje wanaijua hiyo tu. Ya .co.tz tuliichukua tulipoanza kufungasha asali ya kuuza. Tovuti ziko mbili, na barua pepe zinaingia sehemu tatu. Juzi tumefungua sanduku la .org tukakuta mwaliko wa mkutano uliokwisha fanyika.

Naona njia tatu: (1) kila domeini iwe na tovuti yake, (2) moja iwe kuu na nyingine zielekeze kwake, (3) tubaki na moja, mbili tusizilipie tena. Mhasibu anaipenda ya tatu.

FundiSeva
Mhasibu apewe chai kwanza. Domeini usiyoilipia haifi, inapata mmiliki mwingine. Kwa .org, wasajili wengi (kampuni zinazouza domeini) wanakupa muda hadi siku 45 baada ya kuisha, halafu siku 30 za kuikomboa kwa bei ya juu, halafu siku 5 za kusubiri kufutwa, kisha yeyote anaichukua. Huyo yeyote akiweka seva ya barua, kila anayeandikia anwani yenu ya zamani anamwandikia yeye. Na kama akaunti zenu za mtandaoni zilifunguliwa kwa anwani hiyo, akibonyeza "nimesahau nenosiri" anatumiwa yeye. Unaokoa ada ya mwaka, unagawa funguo za ofisi.

DadaTehama
Nakubaliana na Fundi. Na ile ya kwanza tuliwahi kuijaribu hapa Kigoma, tovuti mbili za shirika moja. Kinachoua si gharama, ni mkono wa kuzihudumia. Namba ya simu ilibadilishwa upande mmoja, upande wa pili ikabaki ya mhasibu aliyekwisha kustaafu. Watu walimpigia miezi, na mzee wa watu alikuwa anawajibu kwa upole tu.

Mzee_wa_Ujiji
Njia ya pili, wanangu, ila muifanye sawasawa. Elekezo liwe la kudumu, namba 301, si 302 ambayo ni ya muda. Na kila ukurasa wa zamani uende kwenye mwenzake mpya. Ukiwapeleka wote ukurasa wa mbele, mtu aliyefuata kiungo cha ripoti anaishia kutazama picha ya mizinga. Kosa jingine ninaloliona kila mara: domeini ya zamani inanyimwa cheti cha usalama kwa kuwa "haina tovuti". Kivinjari kinakagua cheti kabla ya kufuata elekezo, kwa hiyo mgeni anakutana na onyo jekundu mlangoni. Let's Encrypt wanatoa bure, cha muda mfupi, na seva inaweza kukihuisha yenyewe.

Asali_Sikonge
Shikamoo mzee, asante. Kwa hiyo tukishaelekeza tovuti, na barua pepe zitafuata?

Mzee_wa_Ujiji
Marahaba. Hapana, na hapa ndipo wengi wanapotea. Kwenye mipangilio ya domeini, tovuti inafuata rekodi ya A (inayotaja seva ya tovuti), barua inafuata rekodi ya MX (inayotaja seva ya kupokea barua). Ni njia mbili tofauti. Unaweza kuhamisha tovuti yote na barua zisijue.

FundiSeva
Kwa barua msitumie mtindo wa sanduku la zamani kusukuma kila kitu kwenda jipya. Seva inayopokea inaona barua ya mfadhili imetoka kwenye seva isiyotajwa kwenye SPF ya mfadhili (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake), inaweza kuitupa kwenye spamu. Bora domeini zote tatu ziongezwe kwenye huduma moja ya barua, mbili zikiwa lakabu za ile kuu. Kwenye Google Workspace lakabu ya domeini hailipiwi, kila mfanyakazi anapokea kwa majina yote kwenye sanduku lile lile. Ila mkiiongeza kama domeini ya pili yenye watumiaji wake, kila mtumiaji analipiwa. Watu huchanganya hayo mawili.

Kisha kutuma: wote mtume kwa jina kuu tu. Domeini isiyotuma barua iwekeeni SPF ya "v=spf1 -all", iwe vigumu kwa matapeli kujifanya nyinyi.

Nyuki_na_Vitabu
Mimi napinga kidogo. Kama duka la asali limesajiliwa kama kampuni na lina vitabu vyake, .co.tz iachwe isimame peke yake. Mfadhili akifungua tovuti ya asasi akakuta bei za asali, maswali hayataisha.

DadaTehama
Hoja nzuri, kama lina mtu wake wa kujibu oda. Kama anayejibu ni huyu huyu Asali_Sikonge, ukurasa mmoja ndani ya tovuti kuu unatosha.

Asali_Sikonge
Ni mimi huyo huyo 😅 Basi .or.tz iwe kuu, maana muhuri siubadilishi.

FundiSeva
Sawa. Siku moja kabla ya kugusa chochote, shusheni TTL ya rekodi (muda ambao seva nyingine hukumbuka rekodi ya zamani) iwe sekunde 300 ili mabadiliko yasichelewe. Na hakikisheni kila domeini imesajiliwa kwa jina la asasi. Hiyo ya .org iko kwa nani?

Asali_Sikonge
Kwa afisa mradi aliyeondoka. Nimempigia, yuko Kibondo, hana kinyongo. Nenosiri amelisahau, lakini anasema tubonyeze tu "nimesahau", ujumbe utakuja kwenye barua pepe aliyosajilia. Ni anwani yake ya zamani ya hiyo hiyo .org.

Mzee_wa_Ujiji
Hilo sanduku bado linafunguka?

Asali_Sikonge
Linafunguka, mzee. Ndilo lile la mwaliko.

Mzee_wa_Ujiji
Basi MX ya .org asiiguse mtu. Leo hii ingia, badilisha nenosiri, weka anwani yenu iliyo kwa msajili iwe ya .or.tz, lipia miaka miwili. Lakabu mtazifanya Jumatatu.