Daniels, Williams au Nix: timu ungemkabidhi nani?

MtuwaMaryland · 16 Februari 2025

Wakuu, Jumapili njema. Eagles wamebeba kombe lao la NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, sherehe zimeisha, sasa tuongee ya maana.

Drafti ya mwaka jana kule Detroit, pale timu zinapochagua vijana wa vyuoni kwa zamu, ilitoa kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) sita ndani ya majina 12 ya kwanza. Nataka tuwapime makinda watatu tu: Caleb Williams aliyeitwa wa 1 na Chicago Bears, Jayden Daniels wa 2 na Washington Commanders, na Bo Nix wa 12 na Denver Broncos. Drake Maye nimemwacha makusudi kwa sababu New England walimweka benchi mpaka wiki ya 6.

Kwa yadi za pasi wamekaribiana. Nix 3,775, Daniels 3,568, Williams 3,541. Tachidauni za pasi, yaani pasi zilizofika eneo la mwisho: Nix 29, Daniels 25, Williams 20. Daniels ameongeza yadi 891 za kukimbia, ambayo ni rekodi ya ligi kwa kwotabeki wa mwaka wa kwanza. Lakini tazama timu zenyewe. Washington walitoka kushinda mechi 4 wakafika 12. Denver kutoka 8 hadi 10. Chicago walikuwa na 7, wakashuka hadi 5.

Kura yangu ni kwa Daniels, na sababu si mkono wake. Kwa wageni wa mchezo huu: kwotabeki ana spika ndani ya kofia, kocha anamtajia mpango wa kucheza. Saa ya kuanzisha mchezo ikibakiza sekunde 15, redio inakatwa. Hapo kijana amebaki na wanaume kumi wanaomtazama usoni, wengine wamemzidi miaka kumi na wana watoto shuleni. Mimi mtu nampimia kwenye sekunde hizo 15.

Desemba 22 dhidi ya Eagles, pasi zake mbili zilidakwa na wapinzani, timu iko nyuma, akina sisi tumeshaanza kulaumu. Akamaliza na pasi tano za tachidauni, ya tano kwa Jamison Crowder zikiwa zimebaki sekunde 6. 36-33. Kama unaweza kuharibu mara mbili na bado wenzako wakakuamini, wewe ni kiongozi, hata kama una miaka 24.

Niwape kisa kimoja. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Oktoba 27 nilikuwa zamu kwa babu mmoja wa miaka 84. Washington aliiona ikichukua Super Bowl, fainali ya ligi, mara tatu enzi za kocha Joe Gibbs, halafu akaapa hataitazama tena mpaka mmiliki wake Dan Snyder aiuze. Snyder akauza 2023 kwa kundi la Josh Harris, dola bilioni 6.05, lakini babu akaendelea kukaa ameipa runinga mgongo. Anasikiliza tu. Siku ile Bears wanaongoza 15-12, mchezo wa mwisho kabisa. Daniels, mbavu zinamuuma tangu wiki iliyotangulia, anakimbia huku, anarudi kule, zaidi ya sekunde 12 mpira uko mkononi mwake. Anautupa. Unaguswa hewani, unamwangukia Noah Brown ndani ya eneo la mwisho. 18-15! Babu alipiga ukelele hadi muuguzi wa korido akaja mbio na kipimo cha presha, akijua mtu ameanguka. Alikuwa amegeuza kiti.

Haya, karibuni. Mkinitukana mtoe na sababu.

Bandari82 · 16 Februari 2025

Mkuu mimi niko Temeke, mechi zenu zinachezwa saa ambazo mke anauliza unaongea na nani. Ile ya mchujo kule Detroit nilianza kuitazama saa kumi alfajiri, nikawa namsikiliza muadhini na mtangazaji kwa pamoja. Washington 45, Lions 31, ugenini, na Lions walikuwa wameshinda 15 msimu mzima! Dogo hakupoteza mpira hata mara moja. Mimi kura yangu Daniels, imeisha hiyo.

Ukuta_wa_Chicago · 16 Februari 2025

Boss, heshima zako, lakini hapa umetupimia kwa mizani mbovu.

Caleb ameangushwa na mpira mkononi mara 68. Sitini na nane! Hebu mtu wa kawaida aanguke kitandani mara 68 tuone kama Jumatatu ataenda kazini. Na bado pasi zake zilizodakwa ni 6 tu. Daniels 9, Nix 12. Sasa niambie nani ametulia.

Unaongelea uongozi, sawa, twende kwa uongozi. Novemba 12 kocha wa mashambulizi, Shane Waldron, akafukuzwa. Akapandishwa Thomas Brown. Sikukuu ya Shukrani tukiwa Detroit, tuko nyuma kwa pointi 3, Caleb anaangushwa zikiwa zimebaki sekunde 32. Tunayo ruhusa moja ya kusimamisha saa. Kocha mkuu, Matt Eberflus, ameikalia! Saa inatembea, watu wanatafutana uwanjani kama wamepotezana sokoni, mpira unachezwa sekunde 6 zimebaki, mechi imekwisha 23-20. Mimi niliacha bata mzinga mezani nikatoka nje kwenye baridi. Kesho yake Eberflus akafukuzwa. Bears ilikuwa haijawahi kufukuza kocha mkuu katikati ya msimu tangu iundwe. Brown akapandishwa tena, sasa kocha mkuu wa muda. Kinda wa mwaka wa kwanza, anabadilishiwa waalimu kama mtoto wa mzazi anayehamahama.

Na hiyo Salamu Maria yenu, ile pasi ndefu ya kubahatisha ya mwisho, mnayoisimulia kama muujiza, mwambie na babu ukweli. Tyrique Stevenson, beki wetu, alikuwa amewapa mgongo wachezaji, anawatania mashabiki wenu wakati mchezo umeshaanza. Akakurupuka, akaja mbio, ni yeye aliyeugusa ule mpira ukamfikia Brown. Hiyo ni nidhamu ya timu. Nidhamu inatoka juu.

MtuwaMaryland · 16 Februari 2025

Hapo kwa Stevenson sina la kusema, babu mwenyewe anamwombea dua.

Lakini zile 68 si za ukuta wa wanaomlinda peke yake. Caleb anaushikilia sana mpira. Anataka kila mchezo uwe wa kusimuliwa.

Ukuta_wa_Chicago · 16 Februari 2025

Na Daniels akiushikilia sekunde 12 ni ushujaa? 😂

Mama_Broncos · 17 Februari 2025

Hodi wenyewe. Naona Nix ametajwa kama mwaliko wa harusi wa dakika za mwisho.

Kaka zangu, Denver walikuwa wanabeba deni la Russell Wilson, dola milioni 85 za bajeti ya mishahara kwa mtu ambaye hachezi tena kwao. Yaani unapika na nusu ya sufuria imeshafungwa. Hata hivyo kijana akatufikisha kwenye mchujo, mara ya kwanza tangu tulipochukua Super Bowl ya msimu wa 2015. Buffalo walitupiga 31-7, sikatai, nililala mapema.

Nix alianza mechi 61 chuoni. Alikuja akiwa mtu mzima, ana mke. Na juu yake yuko kocha Sean Payton, mkali kweli, akikosea anafokewa pale pale kamera zikiwaka, na yeye anaitikia kwa kichwa anarudi kazini. Kama mnapima uongozi, kupokea karipio bila kununa nako mkupime. Hao wenu wawili nani aliwahi kuwafokea?

Zenji_Mtulivu · 17 Februari 2025

Assalaam alaykum. Shekhe wangu wa Maryland, mimi nakaa Virginia tangu 2009, kwa hiyo nitasema kitu hamtakipenda.

Tulishawahi kuwa na kijana kama huyu. 2012, Robert Griffin III. Naye aliitwa wa pili kwenye drafti, naye alipata tuzo ya kinda bora, na hiyo rekodi ya kukimbia aliyoivunja Daniels ilikuwa ya Griffin, yadi 815. Januari 2013, Landover, uwanja wetu wa nyumbani, mchujo dhidi ya Seattle. Goti lake lilikuwa bovu kabla ya mechi. Robo ya kwanza ikaonekana anachechemea. Kocha Mike Shanahan akamwacha uwanjani. Robo ya nne goti likamkatikia pale pale, mbele yetu. Nilikuwa nimekaa ng'ambo ya pili na nililiona likipinda. Hakurudi kuwa yule wa mwanzo.

Kwa hiyo nikiulizwa nani bora kati ya makinda, mimi namwangalia aliyesimama pembeni na kipaza sauti. Dan Quinn, kocha mkuu wetu, namkubali. Amemletea mtoto watu wazima wa kumzunguka: Bobby Wagner, ambaye Quinn alimfundisha kule Seattle, Zach Ertz, Austin Ekeler, na Terry McLaurin alikuwepo akivumilia tangu 2019. Mtoto amelelewa. Ila swali langu ni moja: siku timu inafungwa vibaya na kijana anataka kuendelea, nani atamwambia "toka"?

MtuwaMaryland · 17 Februari 2025

Waalaykum salaam shekhe. Quinn atamwambia. Naweka sufuria la pilau rehani.

Mama Broncos, hoja yako ya karipio nimeipenda, lakini mtu aliyeanza mechi 61 chuoni bado ni kinda? Huyo anakaribia kustaafu.

Mama_Broncos · 17 Februari 2025

Na Daniels alicheza miaka mitano chuoni, Arizona State halafu LSU. Usitafute ugomvi na mimi asubuhi.

Ukuta_wa_Chicago · 17 Februari 2025

Kitu kingine ambacho watu wa Washington hamkisemi. Kocha wenu wa mashambulizi, Kliff Kingsbury, 2023 alikuwa wapi? Chuo cha USC, kwenye benchi la ufundi, pamoja na Caleb. Mwalimu aliyemjua Caleb akaenda kwa Daniels, na Caleb akapewa Waldron. Wabadilishane vyumba hao vijana wawili, halafu tuone kura za tuzo zinakwenda wapi.

Mwezi uliopita tumemchukua Ben Johnson kutoka Detroit awe kocha mkuu. Naliweka hili hapa ili mje mlisome tena. Pilau nimelisikia.

Bandari82 · 17 Februari 2025

Swali la mshamba: kwa nini hawampi mchezaji mkongwe unahodha kinda akajifunza kwanza? Huku kwetu kinda akipewa kitambaa mwaka wa kwanza wazee wanagoma kumpa pasi.

Zenji_Mtulivu · 17 Februari 2025

Daniels na Williams wote walichaguliwa kuwa miongoni mwa manahodha kabla ya msimu kuanza, na waliopiga kura ni wachezaji wenzao. Kule huwezi kumnyima pasi kwotabeki, yeye ndiye anayezitoa. Anayetaka kugoma anabaki kukimbia bure.

---

Ukuta_wa_Chicago · 12 Januari 2026

Naufufua uzi. Mtoa mada yuko wapi?

Oktoba 13, Landover, mvua inanyesha. Washington wanaongoza, wana mpira, kazi ni kumaliza saa tu. Daniels anamkabidhi mkimbiaji, mpira unateleza katikati yao wawili, tunauokota. Jake Moody anapiga mkwaju wa mwisho: Bears 25, Commanders 24. Uwanja ule ule wa Salamu Maria. Babu aligeuza kiti?

Na juzi Jumamosi dhidi ya Packers kwenye mchujo. Mapumziko tuko nyuma 21-3. Tumeshinda 31-27, pasi ya ushindi Caleb kampa DJ Moore. Tuliingia na mechi 11 za ushindi na ubingwa wa kundi letu. Ben Johnson alipokuja tu, wakaletwa Joe Thuney, Drew Dalman na Jonah Jackson kujenga ukuta, na idadi ya kuangushwa ikashuka chini ya nusu. Mkono ni ule ule, kichwa ni kile kile. Kilichobadilika ni walio juu yake na walio mbele yake.

Mama_Broncos · 12 Januari 2026

Mechi 14 za ushindi, wa kwanza AFC, nusu yetu ya ligi, wiki hii tulikuwa tumepumzika nyumbani tukila chapati. Endeleeni kubishana.

Zenji_Mtulivu · 12 Januari 2026

Mimi sina furaha na nilichokisema. Novemba 2, Landover, Seattle tena. Tunafungwa 38-7, robo ya nne, na kijana bado yuko uwanjani. Kiwiko kikatoka mahali pake. Nilikuwa nyumbani safari hii, nikazima runinga kabla hawajarudia picha.

MtuwaMaryland · 13 Januari 2026

Nipo wakuu, nilikuwa najificha.

Ushindi 12 na vipigo 5 msimu uliopita, msimu huu 5 na 12. Namba zimegeuka kama shati. Goti, msuli wa paja, kiwiko, dogo hakupata mwezi mmoja mzima. Quinn aliukubali ule mzigo wa lawama wa mechi ya Seattle, lakini kukubali hakurudishi kiwiko. Shekhe uliuliza nani atamwambia "toka", nikajibu kwa mdomo mpana. Hakuna aliyemwambia.

Bado ningemchukua Daniels. Kwa zile sekunde 15 sijaona wa kumzidi, na Caleb ameanza kunikaribisha kwenye shaka, hilo nakiri. Ila sasa ningeuliza kwanza nani anashika redio kabla haijakatwa.

Babu yupo, ametimiza 85. Kiti hajakirudisha. Jumapili kaniuliza kama mkono wa yule kijana umenyooka.

Ukuta, shekhe, pilau Jumamosi, kwangu.

Ukuta_wa_Chicago · 13 Januari 2026

La mbuzi, boss. Ukiniwekea kuku narudi Chicago na sufuria.