Maasi ya India ya 1857: ni mafuta ya risasi, kodi ya ardhi au posho ya askari?

Mleta mada:
Wakuu, ukimuuliza mtu chanzo cha maasi ya India ya 1857 dhidi ya utawala wa Kampuni ya East India ya Uingereza, atakutajia mafuta ya ng'ombe (mtakatifu kwa Mhindu) na nguruwe (haramu kwa Mwislamu) kwenye risasi, basi. Mimi nasema chanzo ni ardhi. Tazameni Awadh, dola iliyokuwa na makao yake Lucknow. Februari 1856 Gavana Mkuu Dalhousie aliitwaa kwa kisingizio kwamba mfalme Wajid Ali Shah ameshindwa kutawala. Mwaka uleule yakafanywa makadirio mapya ya kodi, na wale wakuu wa ardhi walioitwa talukdar, waliokuwa na asilimia 67 ya vijiji, wakabakiwa na asilimia 38. Ngome zao zikabomolewa, askari wao wakatawanywa. Kodi sasa inadaiwa kwa fedha taslimu na kwa tarehe, mvua inyeshe isinyeshe. Mkulima asipokuwa nayo anakwenda kwa mkopeshaji. Akishindwa tena, shamba linapigwa mnada. Maasi yalipofika vijijini, daftari za wakopeshaji na hati za madeni zilichomwa moto. Watu hawachomi daftari kwa ajili ya mafuta ya nguruwe.

Kibatari:
Napinga, mkuu. Kama umaskini peke yake unatosha, mbona wafumaji wa Dhaka, walioangamizwa na vitambaa vya viwanda vya Uingereza, hawakuwa mstari wa mbele? Madras nako kodi ilikuwa nzito na kukabaki kimya. Palipolipuka ni pale penye kambi za Jeshi la Bengal, jeshi la Kampuni upande wa kaskazini. Maasi yalianza kambini Meerut Jumapili ya 10 Mei, kesho yake yakawa Delhi.

Tuanze basi na askari. Sipahi, yaani askari Mhindi wa Kampuni, wa miguu alilipwa rupia 7 kwa mwezi, na humo humo akakatwa. Kilichomwokoa ni posho ya kazi ya nje, iliyoitwa batta. Sindh ilipotekwa 1843 na Punjab 1849, kwa hesabu za Kampuni ya East India hizo hazikuwa "nje" tena, na posho ikafutwa. Yaani aliyeziteka ndiye aliyepunguziwa mapato kwa sababu ya ushindi wake mwenyewe! Mwaka 1850 kikosi cha 66 kiligoma pale Gobindgarh, Amritsar, kwa sababu hiyohiyo. Jenerali Charles Napier alikivunja, namba yake akawapa Wagurkha. Wakati huo hakuna aliyekuwa ametaja mafuta.

Cheo nacho kilipanda kwa miaka ya utumishi tu. Subedar, ofisa Mhindi, mwenye mvi bado alikuwa chini ya kijana wa Kiingereza aliyeshuka melini juzi. Kisha ikaja sheria ya 1856: kila askari mpya akubali kupelekwa ng'ambo ya bahari, jambo ambalo kwa Mbrahmani, Mhindu wa tabaka la juu, lilihatarisha tabaka lake. Waliokuwa kazini haikuwagusa. Lakini kazi ile walikusudia kuwarithisha wana wao.

Dafina:
Mafuta msiyadharau, wengi wanaoyadharau hawajui bunduki ile ilivyoshindiliwa. Enfield ya 1853 ilikuwa na mifereji ndani ya mtutu, si kama gobori la zamani lenye mtutu laini. Baruti na risasi vilifungwa pamoja kwenye kifuko cha karatasi. Unang'ata ncha ya karatasi, unamimina baruti mtutuni, unageuza kifuko na kuingiza upande wenye risasi, unachana karatasi iliyozidi, unashindilia kwa mdeki. Karatasi inayozunguka risasi lazima iwe na mafuta, la sivyo masizi ya baruti yanaganda kwenye mifereji na baada ya kupiga mara kadhaa risasi haishuki. Mkataba wa kutengeneza vifuko haukutaja shahamu ni ya mnyama gani. Uzembe wa kiofisi, lakini askari alitakiwa kuutia mdomoni.

Mapema 1857 serikali iligutuka, ikaruhusu askari wapake mafuta yao wenyewe, kisha ikabadili zoezi ili karatasi ichanwe kwa vidole. Kwa mtu aliyekwisha kushuku, hayo yalikuwa ni kukiri.

Na kuna hili: katika gwaride la Meerut la 24 Aprili, Kanali Carmichael-Smyth aliwapa wapanda farasi 90 risasi za aina ileile waliyoizoea, na bado 85 walikataa. Walichoogopa ni kurudi kijijini na kuambiwa wamenajisika, wasishirikishwe chakula, binti zao wasiposwe. Wengi walihukumiwa miaka 10 ya kazi ngumu, na tarehe 9 Mei wakafungwa minyororo ya miguu mbele ya wenzao. Siku iliyofuata wenzao wakavunja gereza.

Mleta mada:
Dafina, umenisaidia bila kukusudia. Kijiji hicho kiko wapi? Sipahi wa Jeshi la Bengal kwa wingi alitoka Awadh na majimbo jirani. Ni mtoto wa mkulima aliyevaa sare. Kabla ya 1856 sipahi wa Awadh aliweza kupeleka malalamiko ya shamba la kwao kupitia mwakilishi wa Uingereza pale Lucknow, na kesi ya askari ilisikilizwa. Awadh ilipotwaliwa, upendeleo huo ulikufa. Kodi ya nyumbani ikamfuata kambini.

Kibatari:
Hapo nakupa nusu. Nieleze hili kwanza: makadirio ya 1856 yalikusudia kumwondoa talukdar na kumpa mkulima ardhi. Mbona mkulima huyo aliyepewa akamfuata talukdar vitani? Kwa hesabu ya mfukoni angemshukuru Mwingereza.

Mwana wa Ghala:
Kwa sababu mzigo wa kodi haukupungua. Talukdar alikuwa mnyonyaji, sawa, lakini mwaka wa njaa mkulima alimlilia naye akaahirisha deni, na siku ya sherehe akakopesha. Ofisa wa kodi hana sikukuu wala ukame. Someni pia tangazo la waasi, lile la Azamgarh la 25 Agosti 1857. Limepanga malalamiko kwa makundi: wenye ardhi wanaonadishiwa mashamba, wafanyabiashara walionyang'anywa biashara ya nili na nguo, subedar anayeutoa uhai wake kwa rupia 60 au 70 kwa mwezi, wafumaji na wahunzi waliokosa kazi kwa bidhaa za Kiingereza. Walioliandika hawakutenganisha uchumi na jeshi kama mnavyotenganisha hapa.

Dafina:
Tangazo ni wito wa kukusanya watu, lazima litaje kila mtu. Mimi naangalia zaidi Waingereza walirekebisha nini walipomaliza kuua. Tume ya Peel, iliyoangalia upya jeshi baada ya maasi, ilitaka Bengal iwe na askari Mzungu mmoja kwa Wahindi wawili, Madras na Bombay mmoja kwa watatu. Kabla ya hapo Wahindi walikuwa kama watano kwa mmoja. Mizinga karibu yote ikawekwa mikononi mwa Wazungu. Uandikishaji ukahamia Punjab. Na talukdar aliyesalimu amri akarudishiwa ardhi. Mfumaji hakurudishiwa kitu.

Mleta mada:
Talukdar akarudishiwa ardhi. Nilisemaje?

Kibatari:
Na mizinga ikaondolewa kwa nani, mkuu?