Naomba ushauri: amplifaya ya mwanga inasachureti mapema

Wakuu habari za jioni, nimekwama naomba mnisaidie. Niko Nairobi nafanya projekti ya masters juu ya amplifaya ya mwanga ya semikondakta (chipu ya kuongeza nguvu ya mwanga), ile ya indiamu fosfaidi ya nanomita 1550, bado ni simulesheni tu sijafika kwa chipu. Geini (kiasi mwanga unavyokuzwa) iko sawa mwanga ukiwa kidogo lakini nikiongeza pawa ya kuingia inashuka haraka sana, yaani inasachureti. Nimejaribu kupanua wevugaidi (njia nyembamba inayopitisha mwanga ndani ya chipu) polepole kutoka maikromita 2 hadi 6 kuelekea mwisho, pawa ya saturesheni ikapanda kweli nikafurahi, lakini sasa modi za juu (mwanga kusambaa kwa maumbo mengine zaidi ya lile la kwanza la msingi) zimeanza kuonekana na mwanga ukitoka hauingii vizuri kwa faiba. Mwanga kurudi nyuma nilishapunguza kwa kuinamisha wevugaidi digrii 7, hapo hakuna shida.

Sasa, nirefushe hiyo tepa (sehemu inayopanuka) ndio modi ya kwanza ibaki peke yake, ama nirudishe upana na nipunguze unene wa tabaka la kati linalokuza mwanga ndio mwanga ukae kidogo ndani yake? Na nikipunguza, geini nitakayopoteza naweza irudisha kwa kurefusha chipu bila joto na noizi kuharibu kila kitu? Nataka sana kuielewa hii kabla nionane na supavaiza. Asanteni.