Chui wa Unguja akinaswa na kamera: picha itolewe au ifichwe?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naleta hapa mabishano yaliyotushinda barazani kwetu Jambiani, mpaka Isha ikaadhiniwa hatujaelewana. Mwaka 2018 kipindi cha televisheni cha Marekani kilionesha kipande kifupi cha video ya usiku, wenyewe wakasema wamemnasa chui wa hapa Unguja, ambaye wengi wanaamini ametoweka. Ubishi haujesha mpaka leo. Sasa mtu akipata picha safi kesho, aitoe au aifiche? Wenzangu wengi wanasema aifiche. Mimi nasema aitoe.

Chui wetu aliuliwa na maneno. Wazee walisema kuna chui wa porini na chui wa kufugwa, yule anayetumwa na mchawi. Mbuzi akiliwa, watu hawamtafuti chui, wanamtafuta mwenye chui. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja kampeni iliyojulikana kwa jina la Kitanzi, wachawi na chui wakasakwa pamoja. Mnyama aliyebaki nasi tangu bahari ilipoitenga Unguja na bara, miaka kama 10,000 iliyopita, akasakwa kama mwizi.

Na maneno yale hayajafa. Martin Walsh na Helle Goldman, watafiti waliolifuatilia jambo hili tangu miaka ya 1990, wamesimulia jinsi watu walivyoahidiwa kuoneshwa chui wa kufugwa kwa malipo. Hakuna aliyeoneshwa. Biashara ya namna hiyo inaishi gizani. Picha ya mnyama anayepita zake msituni, hana kamba wala bwana, ingewafunga mdomo wengi.

Nilipokuwa skuli tulipelekwa makumbusho ya Beit al-Amani, tukamkuta chui aliyekaushwa. Nilitaraji jitu la kutisha. Nikaona mnyama mdogo, manyoya yamepauka, madoa yake madogo madogo yamesongamana. Nilisimama pale mpaka mwalimu akanishika mkono. Tangu siku ile siwezi kumsikia mtu akisema "chui wa mchawi" nikanyamaza.

Karibuni mchangie.

MCHANGIAJI, WETE
Maalim, sisi Pemba hatuna chui, kwa hiyo mbuzi wangu wako salama. Lakini nimeendesha watalii Serengeti. Pale Seronera chui akionekana amelala juu ya mti, dereva mmoja akisema kwenye redio, hujamaliza kuweka breki magari yamekwisha jipanga. Yule ana mbuga ya kilomita za mraba zaidi ya 14,000, akichoka anashuka anaondoka. Huyo wako ana msitu wa Jozani, kilomita za mraba 50 tu, na pembeni kuna vijiji. Ukitoa picha leo, kesho watakuja wenye kamera, na nyuma yao wenye mitego. Ifiche.

MCHANGIAJI, KIZIMKAZI
Mnahangaikia asiyekuwepo. Kama watalii wanataka chui, ajengewe uzio mkubwa, aletwe wa bara, vijana wapate ajira. Mtu apige picha, alipe, aende zake.

JIBU LANGU
Ndugu wa Kizimkazi, ajira nazitaka pia, lakini la kizimba siliafiki. Nilimwona chui kizimbani bara. Mpiga picha aliyekuwa kando yangu aliisogeza lenzi karibu kabisa na waya, akafungua tundu lake mpaka mwisho, waya wote ukapotea. Picha ikatoka nzuri, utadhani yuko mwituni. Kisichotokea pichani ni ule mfereji kando ya uzio, udongo umelika kwa nyayo zake, kwenda na kurudi. Sitaki kisiwa kilichomsaka chui wake kikakodi wa watu kimweke humo.

Wewe wa Wete umenigusa. Nakubali mahali pafichwe, na pafichwe kweli. Si kutotaja shehia tu. Faili la picha lenyewe hubeba tarehe na pengine hata mahali, hayo yafutwe kwanza. Na picha ikatwe, kwa sababu mchoma mkaa wa kule akiona jabali na mti nyuma ya chui atapajua kuliko ramani. Kisha ingoje miezi.

Lakini kufichwa kabisa, hapana. Anayetega kamera kwa dhati huweka mbili zikitazamana njiani, apate ubavu wa kulia na wa kushoto, maana madoa ya kila chui ni yake peke yake, hayafanani na ya mwenziwe. Ukiwa na mbavu mbili unaweza kusema: huyu ni mmoja, na wa mwezi uliopita ni yeye yule. Bila ya hapo tunabaki na kivuli cha usiku, kila mtu anakijaza atakavyo. Tumeshaona kivuli kikijazwa nini.

Na wa kwanza kuoneshwa picha hiyo wasiwe watu wa televisheni. Wawe wenye mbuzi wa kijiji kile, waketi na sheha, waambiwe mbuzi akiliwa atalipwa na nani na kwa siku ngapi. Hilo likikosa jibu, basi mimi mwenyewe nitasema picha ingoje.

Nakurudishia wewe wa Wete: mwenye mbuzi akiwa ameahidiwa fidia kwa maandishi, na mahali hapajulikani, bado utasema ifichwe?